Sauti Iliyotangulia Wimbo

Sehemu ya kumi na moja

“Redio imejaa watu wanaoimba, shoga. Huyo wako utamtambuaje?”

Swali hilo Argia, jirani wa ukuta mmoja, alimuuliza Nives kiangazi kile wimbo ulipokuwa ukingojwa, wote wawili wakianika mashuka ya hoteli. Nives alitoa kibanio mdomoni akajibu, “Kwa pumzi. Morena wangu kabla ya kuimba huvuta pumzi kama mtu anayetia mguu kwenye maji ya baridi.”

Wimbo ulipotoka, pumzi haikuwamo. Waliotengeneza sahani ya santuri walizikata pumzi zote kama mtu achambuavyo mchele. Nives akausikiliza mwanzo hadi mwisho asimwone mwanawe ndani yake.

Basi sasa mnajua kwa nini Jumamosi iliyopita, tulipomwacha katika baa ya Primo hapo karibu na stesheni ya Bellaria, kikombe kilimponyoka kikapasuka miguuni pake. Redio ilikuwa imetangaza wimbo uleule kwa mavazi mapya. Kabla ngoma haijalia, ikasikika pumzi. Nyuma ya pumzi, hafifu kama mtu aimbaye nyumba ya pili, ukaja mstari wa kwanza. Kisha mstari uleule ukarudi kwa nguvu, na ngoma juu yake.

Na Morena ni marehemu, mwaka wa kumi na moja huu.

Primo alitoka nyuma ya kaunta na ufagio. “Umeungua, mama Nives?”

“Nani anaimba hapo?”

“Kwani hujui? Shelly na Nick. Wameurudisha ule wao wa ‘Rudi Jumapili’. Wameupaka rangi tu.”

“Nauliza nani anaimba.”

“Si Shelly? Yule mrembo.”

“Yule,” alisema Nives, “hata kwenye misa hufungua mdomo tu.”

Wazee wa karata wakacheka. Nives alifunga kilemba chake akatoka, chai hakuilipa, na Primo hakumdai.

Maana ukweli ule mji mzima uliujua, ila hakuna aliyeusema kwa sauti. Shelly ni Katia wa Forlì, mwenye miguu na nywele. Nick ni Loris, mtoto wa mfuga kuku wa Santarcangelo, aliyegeuza banda moja la babake kuwa studio na kupigilia trei za mayai ukutani ili mwangwi usirudi. Uso ulikuwa wa Katia. Koo lilikuwa la Morena. Ndivyo ilivyofanywa siku zile, na Kiingereza cha wimbo wenyewe hakuna kati yao aliyekielewa. Kila usiku wa kurekodi Morena alipewa ujira wake, akarudi kupiga pasi na mamake.

Halafu ikaja ile Jumapili alfajiri, baada ya usiku wa mwisho wa kurekodi. Morena alikutwa ndani ya gari la Katia, mtaroni kandokando ya mto Uso, peke yake, amekufa. Chupa ya divai ilikuwa kwenye kiti.

Katia alilia uani mwa kanisa mpaka akashikwa mikono. “Alinibembeleza nimwazime, mama. Laiti ningekataa.”

Watu wakapata la kusema: mtoto wa Nives alilewa akashika usukani. Tangu hapo kila jioni rozari ya Nives ilikuwa na ombi moja, kwamba Mungu amsamehe Morena dhambi ya kujiua kwa uzembe. Kumpoteza mtoto ni msiba, na msiba huzoeleka. Kumwonea aibu mtoto uliyempoteza, hilo halizoeleki. Lilimkalia kifuani kama tofali.

Siku ya mazishi Loris alileta kanda, ile kubwa ya studio, duara lake upana wa sahani ya wali. “Sauti yake ni yake,” alisema mbele ya padri. “Iende naye.” Denis, mchumba wa marehemu, ambaye ni fundi bomba, aliitia ndani ya mkebe wa biskuti akaulehemu ukingo wote kwa mkono wake ili maji yasiingie. Mkebe ukashuka na jeneza.

Lakini kaburi la udongo si la kudumu. Muda wake ukiisha linafukuliwa, mifupa inapangwa katika kisanduku, kisanduku kinatiwa ukutani, na mtu wa nyumbani lazima asimame ashuhudie. Mwezi wa Aprili zamu ya Morena ilifika. Nives alivaa nguo yake nyeusi, akafika hadi lango la makaburi, akageuka. Akaingia Denis badala yake.

“Mkebe?” alimuuliza aliporudi.

“Mzima, mama. Nimeuweka naye ukutani.”

Kwa hiyo alipokuwa akitembea katika ukungu uliofunika mji, Nives alikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua. Ama wafu wanaimba, ama Denis amemdanganya. Mungu amsamehe, alitamani liwe la kwanza.

Alimkuta Denis katika jiko la hoteli iliyofungwa kwa majira ya baridi, akimwaga maji mabombani yasije yakaganda na kupasua mabomba. Miguu tu ndiyo iliyoonekana chini ya sinki.

“Denis.”

“Mama? Umekujaje na ukungu huu? Ngoja nikaze hii.”

“Mkebe uko wapi?”

Spana ikanyamaza.

“Mkebe gani?”

“Nimekulisha Jumapili zote hizi, Denis. Usiniulize mkebe gani.”

Alitoka taratibu, miguu kwanza, akakaa sakafuni kama mtoto aliyekatazwa kusimama. Mtu mzima, mvi zimeanza masikioni, hajaoa mpaka leo.

“Niliutoa,” alisema. “Nilitaka kumsikia. Mara moja tu, mama. Uso wake nina picha. Sauti sina. Nilikuwa nikijaribu kukumbuka alivyokuwa akiniita, nikawa nasikia mtu mwingine.”

“Ukamsikilizia wapi?”

“Mashine ya kuzungusha kanda ile iko kwa Loris peke yake.”

“Kwa hiyo ukampelekea mbweha ufunguo wa banda.”

“Nilimwambia nasikiliza, naondoka nayo. Akaiweka. Mama, ile pumzi. Ile pumzi na mstari mmoja, nikashindwa. Nilikwenda nje nikakaa na kuku. Niliporudi akasema, iache wiki moja, imekauka, nitaishughulikia isije ikakatika. Wiki ikawa…”

“Ikawa redio.”

Denis aliinamisha kichwa. Nives aliinua mkono, na Denis hakujikinga. Mkono ulipofika shavuni ulifuta kutu kwa kidole gumba, basi.

“Washa gari,” alisema.

Mabango ya hoteli yalijitokeza katika ukungu moja moja yakapotea. Walipovuka daraja la Uso Nives alifanya ishara ya msalaba, kama kawaida yake, bila kutazama mtaroni.

“Mama, ulivyonyamaza unanitisha.”

“Nasali. Wewe endesha.”

“Unasali nini?”

“Nisije nikamtukana mtu kabla ya Jumapili.”

Harufu ya kuku iliwapokea kabla ya banda lenyewe. Ngoma zilikuwa zikitetemesha mlango. Denis alibisha, hakuna aliyesikia, akasukuma.

Ndani, mbele ya kioo kirefu, alisimama Katia. Miaka ilikuwa imempitia kwa adabu. Mkononi alishika kipaza sauti ambacho waya wake ulining’inia hewani. Spika zikatoa ile pumzi ya maji ya baridi, na papo hapo mabega ya Katia yakapanda, kana kwamba ndiye aliyeivuta. Kisha midomo yake ikaanza kwenda na maneno, herufi kwa herufi, bila kukosea hata moja.

Nives alimwona mwanawe akitoka katika kinywa cha mtu mwingine.

Loris aliwaona kwanza. Kipara mbele, mkia wa nywele nyuma. Akazima ngoma.

“Mama Nives. Nilikuwa napanga kuja kwako.”

“Kwa mguu upi?”

“Keti basi. Tutengeneze kahawa. Katia, kahawa.”

“Sikuja kunywa. Kwa nini anaimba mara mbili? Kwanza kwa mbali, halafu kwa karibu.”

Loris alipumua, maana swali hilo alilimudu. “Ah, hilo ni la kanda. Ikikaa miaka imezungushwa bila kuguswa, safu inalalia safu, sauti inavuja kwa jirani yake. Kwa hiyo unamsikia kabla hajaanza. Ningeweza kuifuta. Vijana wa kampuni ya Milano wakasema iache, inasisimua.”

“Inasisimua.”

“Ndivyo walivyosema wao.”

“Kaburi limeingia ndani ya wimbo wenu,” alisema Nives, “na nyinyi mnacheza.”

Katia alimjia mikono wazi, marashi yakimtangulia. “Mama yangu. Una haki ukasirike. Lakini sisi sote tulimpenda. Mimi kila Novemba nampelekea maua, muulize mlinzi.”

“Nayaona. Ya plastiki.”

Mikono ya Katia ikashuka.

“Nipe kanda,” Nives alimwambia Loris. “Nairudisha ilikotoka. Niliapa mbele ya Mungu mtoto huyu atapumzika. Alikuwa amekwisha kuchoka kuwa koo la mtu.”

Loris alijikuna mkia wa nywele. Ulio redioni ulikuwa kionjo tu, alieleza. Milano walitaka kanda yenyewe Jumatatu wautengeneze mzima, na Jumamosi wangekuwa kwenye televisheni, yeye na Katia, baada ya miaka yote ya kupiga kwenye harusi na sherehe za vijijini za kula nguruwe. “Ukiichukua leo, mama, umetuzika sisi.”

“Mimi kuzika nimezoea.”

Denis alijikuta akitaka kucheka, akajizuia.

“Nisikilize,” alisema Loris. “Isikie kwanza. Yeye mtupu, bila ngoma, bila kinanda. Ukishasikia, ukisema izikwe, naileta mwenyewe hadi makaburini. Naapa.”

Asingeapa kama hakuwa na hesabu yake. Alijua mama aliyeishi bila sauti ya mwanawe akishaionja hataweza kuitia tena gizani. Mvuvi hutupa chambo kwa tabasamu.

“Loris,” alisema Katia, “ya nini kumtonesha mama wa watu? Mpe sahani ya zamani aende nayo.”

“Kwani wewe inakuuma nini?” aliuliza Denis.

“Namwonea huruma tu.”

Nives alivuta kreti ya mayai akaikalia, mkoba mapajani, rozari mkononi. “Iweke,” alisema.

Kanda ilianza kuzunguka. Kwanza mchakacho, kama mvua ya mbali juu ya mabati. Kisha pumzi. Kisha Morena.

Msomaji wangu, kama umewahi kuzika, sina haja ya kukueleza. Kama hujawahi, Mungu azidi kukukawiza. Sauti ilijaa banda zima bila kupaza. Ilikuwa ya msichana aliyesimama pale pale, karibu na trei za mayai, amevaa kaptura, jasho shingoni. Katikati ya ubeti wa pili kuku mmoja alilia nje, kuku aliyekwisha kuliwa zamani, na Morena akacheka ndani ya neno la Kiingereza, akaendelea.

Denis alisimama ameelekea ukutani. Safari hii hakutoka.

Katia alikuwa kwenye kiti karibu na kioo. Midomo yake ilikuwa ikienda na wimbo. Hakujua. Ilikwenda yenyewe, kama ya bibi kizee katika litania ya kanisani.

Ubeti wa mwisho ulikwisha. Loris alinyoosha mkono kwenye swichi.

“Usizime,” alisema Nives.

“Imekwisha, mama. Hapo hakuna kitu. Ni sauti ya chumba tu.”

“Anapumua. Acha apumue.”

Kweli, alikuwa akipumua. Loris alirudisha mkono. “Hata mimi huku sijawahi kufika,” alisema. “Usiku ule wa kuamkia ile Jumapili joto lilikuwa kali, feni za kuku zikazima, baba akapiga kelele wanakufa. Nilikimbia nikaiacha mashine inazunguka. Niliporudi walikuwa wamekwisha kwenda.”

“Walikuwa?” aliuliza Denis.

“Alikuwa. Morena. Katia alikuwa ameondoka mapema.” Loris alimgeukia Katia. “Si ndivyo ulivyosema? Ulitangulia?”

“Zima hiyo, Loris,” alisema Katia. “Mnamtesa mama.”

Hakuna aliyezima. Kandani kiti kilisukumwa. Kisha sauti ya Morena, si ya kuimba tena, ya kawaida, ile ya kuomba chumvi mezani:

“Loris kaenda wapi?”

“Kwa kuku wake. Twende zetu, shoga.”

“Denis atanifuata.”

“Denis yuko chini ya sinki la mtu saa hizi. Nitakufikisha mimi.”

“Umekunywa, Kati.”

“Nimeonja. Mtakatifu wewe hukuonja?”

“Mimi maji tu tangu mchana. Na divai nitaimba na nini?” Funguo zikalia. “Lete basi niendeshe mimi.”

“Gari langu haliendeshwi na mtu. Wewe kazi yako kuimba. Kaa kando yangu, uimbe.”

“Wewe ufungue mdomo.”

“Ndiyo, mimi nifungue mdomo.”

Wakacheka wote wawili, kicheko cha wasichana wanaopendana. Mlango ukafungwa. Baada ya hapo kuku peke yao, na mchakacho ule wa mvua.

Rozari ilikuwa imeanguka sakafuni. Nives hakuiokota. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile ya mtaroni alivuta pumzi ikafika chini kabisa, pale tofali lilipokuwa. Maji tu tangu mchana. Sala zote zile za kumwombea msamaha mtoto asiye na kosa, ziliwahi kwenda wapi?

Kisha akamgeukia Katia. Wote walikuwa wamekwisha kugeuka.

Katia alikuwa amekaa vilevile mbele ya kioo. Miaka yote alikuwa amefuata kanda kwa midomo bila kukosea. Leo kanda ilitoa sauti yake mwenyewe, na midomo yake haikutikisika.

“Kati,” alisema Nives, polepole, kama anayemwamsha mtu. “Uliniambia alikubembeleza umwazime.”

Katia alikitazama kipaza sauti mkononi mwake.

“Ulilia, nikakufuta machozi kwa leso yangu. Ulitoka kwenye kiti chako ukamweka yeye: alikuwa amekwisha kufa, au alikuwa hajafa bado ulipomsogeza?”

Denis aliita “Mama” kwa sauti ambayo haikuwa yake, akapiga hatua mbele. Nives alimzuia kwa kiganja bila kumtazama.

Loris alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye mashine. “Naizika kesho, mama,” alisema. “Naileta mwenyewe. Milano nitawaambia imekatika.”

“Hapana,” alisema Nives. “Kanda hii haizikwi tena.”

Katia alinyanyuka. Alikiweka kipaza sauti juu ya kiti, taratibu, kama kitu cha kuazima. Alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote hadi shingoni. Alichukua funguo za gari zilizokuwa mezani, karibu kabisa na mkono wa Nives, akafungua mlango, akaingia ukunguni.